Chuma cha transfoma: Wajapani walivyochukua ujuzi wa Marekani wakauboresha

Ile transfoma ya kwenye nguzo inayonguruma usiku watu wamelala, ujue hata kama hakuna nyumba iliyowasha taa bado inakula umeme, saa 24, mwaka mzima, maana kiini chake cha chuma kinageuzwa sumaku huku na huku mara 100 kwa sekunde na kila kikigeuka kuna umeme kidogo unapotea kuwa joto. Watu wengi wanauliza shaba ya nyaya zake tu, chuma hawakiulizi kabisa, na hilo linaniuma kwa kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, na wenzake walishaonyesha kwamba ukichanganya silikoni kwenye chuma ule upotevu unashuka. Halafu 1934 Mmarekani Norman Goss akapata hataza ya njia yake: bati unalipitisha kwenye roli likiwa baridi, unalichoma, unalipitisha tena, unalichoma tena, mpaka punje za chuma, yaani vile vipande vidogo vidogo vinavyokiunda, zinalala upande mmoja. Sumaku inapita kwa urahisi kufuata upande huo, kama mbao inavyopasuka kirahisi ukifuata nyuzi zake.

Ila kuenea ni baada ya vita ya pili ya dunia, nchi zinajenga gridi upya na transfoma zinatakiwa kwa wingi. Ujuzi ulikuwa kwa Armco, kampuni ya chuma ya Ohio, Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Yawata ya Japani ikachukua leseni kwao.

Kazi yenyewe sio mchezo. Silikoni inakaa kama asilimia 3, ukipita 4 bati linaanza kupasuka kwenye roli. Likishafika unene wa kama milimita 0.3 linachomwa kwenye haidrojeni yenye unyevu ili kaboni itoke, linapakwa unga wa magnesia, linaviringishwa, linaingia tanuri la nyuzi 1200 na kukaa humo muda mrefu. Humo ndo mambo yanatokea: punje chache zilizoelekea sawasawa zinameza jirani zake, zinakua kutoka udogo usioonekana kwa macho mpaka milimita kadhaa, na ile magnesia inabaki kama ngozi ya kioo inayozuia umeme usivuke bati moja kwenda jingine.

Lakini ili punje nzuri zishinde lazima zile nyingine zizuiwe zisikue ovyo. Wamarekani walitumia chembe za manganizi salfaidi, Satoru Taguchi na Akira Sakakura wa Yawata wakaongeza alumini naitraidi, na punje zilizokuwa zimepinda kutoka ule upande mmoja kwa wastani wa kama digrii 7 zikashuka mpaka kama 3. Hicho chuma wakakiita Hi-B, kikaingia sokoni 1968, na baadaye Armco, wale wale waliowapa leseni, wakaja kuchukua leseni ya Hi-B kwa Wajapani.