Pumzi ya Kuogelea: Jifunze Kuitoa Kabla ya Kuivuta

Anayeanza kujifunza kuogelea akisimama ghafla katikati ya bwawa, ukimuuliza kulikoni atakwambia, "Pumzi imekata." Mara nyingi haijakata, imejaa. Amevuta hewa, akaibana kifuani, akapiga mikono mitatu minne, kisha akainua kichwa kutafuta nyingine wakati ile ya kwanza hajaitoa. Kifua kilichojaa hakipokei. Akilazimisha, anavuta hewa kidogo na maji mengi, anapaliwa, na kuanzia hapo anaogopa kuweka uso majini.

Kinachotusukuma kuvuta pumzi, kwa kiasi kikubwa, si kupungukiwa na oksijeni. Ni hewa ukaa inayolimbikizana kwenye damu. Ubongo huifuatilia kwa karibu, na ikizidi kidogo tu unapiga kengele. Ndiyo maana anayebana pumzi huanza kuhangaika mapema ilhali oksijeni bado anayo ya kutosha. Akiiachia hewa taratibu majini, hangaiko linapungua, na mdomo unapofika juu inabaki kazi moja tu ya kuvuta.

Hapo ndipo majini panapotofautiana na nchi kavu. Ukiwa umekaa kwenye kiti, kutoa pumzi hakuna kazi: kifua kinalegea, hewa inatoka yenyewe. Muogeleaji hana nafasi hiyo. Mdomo wake hukaa juu ya maji chini ya sekunde moja, na akiutumia muda huo kutoa na kuvuta kwa pamoja, lazima kimoja kikwame. Kwa hiyo kutoa kufanyike uso ukiwa ndani ya maji, kwa makusudi na bila kukatiza.

Zoezi la kwanza halihitaji hata bwawa. Beseni la maji safi mezani linatosha. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso hadi masikioni, kisha guna "mmm" ndefu huku mdomo umefumbwa. Mapovu yatatoka puani, na maadamu hewa inatoka, maji hayana pa kuingilia. Wanaolalamika kwamba maji yanawapanda puani hadi kichwa kinauma, karibu wote wanasahau mguno huo. Toa kwa muda kama mara mbili ya ule uliovuta, inua uso, vuta, rudi. Usijikamue hadi mwisho. Mapafu ya mtu mzima yanaweza kubeba lita 5 au 6, na hewa inayobaki ndiyo inayokusaidia kuelea. (Ukimaliza, mwaga maji ya beseni. Mtoto mdogo anaweza kufa maji kwenye kina cha sentimita chache.)

Zoezi likikaa sawa, lirudie bwawani, maji yakiwa kifuani na mikono ikishika ukingo. Utahisi tofauti, maana sasa maji yanakikandamiza kifua. Usiondoke ukingoni mpaka uweze kurudia mara kumi au zaidi bila kufuta uso wala kukohoa. Najua wengi huliona hili la kitoto na wanataka kupiga mikono siku hiyo hiyo. Nawasihi wasiwe na haraka. Mikono hufundishika upesi kuliko pumzi. Ila msifanyie mazoezi haya kwenye maji ya ziwa yaliyotulia penye majani na konokono, kwani kichocho kipo.

Watoto waliojifunzia baharini wenyewe, kama wale wanaojirusha majini pale Forodhani, Unguja, wana ujasiri ambao darasani tunauhangaikia kwa wiki nyingi. Lakini wengi waliojifunza hivyo huogelea kichwa juu. Kwa kuangalia wimbi au chombo kinachokuja inafaa. Kwa masafa inachosha: kichwa kikiinuka, miguu inazama, na mwili unaanza kusukuma maji badala ya kuyapasua. Tena maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwani, yanambeba mtu vizuri zaidi. Aliyezoea bahari akiingia Ziwa Victoria na mtindo huo atachoka upesi asijue kwa nini.

Katika mtindo huru, yaani kuogelea kifudifudi mikono ikipokezana, kichwa hakiinuliwi, kinageuzwa pamoja na bega. Sikio moja libaki majini, na jicho moja la miwani libaki majini pia. Kichwa kinaposonga mbele hufanya kibonde kidogo cha maji kando ya shavu, na mdomo hupata hewa humo, chini kidogo ya usawa wa maji yaliyokuzunguka. Geuka mkono wa upande huo unapomaliza kusukuma maji pajani, na uso urudi kabla mkono haujaingia tena mbele. Wengine hupumua kila mkono wa pili, wengine wa tatu. Anayeanza achague wa pili apate hewa ya kutosha. Hata hivyo, baadaye ajue pande zote mbili, kwani baharini upepo na mawimbi ndivyo vinavyoamua uelekeze mdomo wapi.

Kuna mchezo mmoja ninaoukataza kabisa: kushindana nani atakaa zaidi chini ya maji, hasa baada ya kuhema harakaharaka mara nyingi. Kuhema huko hakuongezi oksijeni ya maana. Kunapunguza hewa ukaa, kwa hiyo kengele ya ubongo inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, na mtu anazirai akiwa chini bila dalili yoyote ya kuhangaika. Wanaozama hivyo mara nyingi ni waogeleaji wazuri, na wenzao hudhani bado wanacheza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na linashauri watoto wa shule waliovuka miaka 6 wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Mzazi anayemtafutia mtoto darasa aulize jambo moja kabla ya bei: siku ya kwanza wanafundishwa nini? Akiambiwa mapovu na kuelea chali, amwandikishe. Kuelea chali kunafaa kwa sababu siku mtoto atakapopaliwa mbali na ukingo, atageuka, masikio yazame, pua na mdomo vibaki juu, akohoe na kuhema mpaka pumzi itulie, ndipo aendelee.