Je, wajua kwa nini shamba moja la mkulima wa Armenia liko sehemu tatu nne tofauti?

Ukimkuta mkulima bonde la Ararat kule Armenia ukamuuliza shamba lako liko wapi, na yeye atakuuliza, lipi? Maana ana kipande cha mizabibu huku, cha ngano ng'ambo ya barabara, miti ya aprikoti pembeni ya mfereji, halafu kingine kiko juu kilimani ambako maji hayafiki kabisa. Na ukijumlisha vyote, kwa wastani familia ina kama hekta 1.4 tu, yaani eka 3.5 hivi. Sasa nani alikata ardhi namna hii?

Ilikatwa mwaka 1991. Kabla ya hapo kwa miaka kama 60 ardhi yote ilikuwa ya dola, watu wanalima kwenye kolkhozi ambayo ni shamba la ushirika, au sovkhozi ambayo ni ya serikali moja kwa moja na unalipwa mshahara kama mtu wa kiwandani. Januari 1991 Armenia bado iko ndani ya Umoja wa Kisovieti, uhuru wenyewe umekuja Septemba, lakini bunge likapitisha sheria za kugawa ardhi kwa familia za vijijini. Ikawa jamhuri ya kwanza ya Kisovieti kufanya hivyo, na wakaenda kwa kasi sana, mashamba karibu yote makubwa yakavunjwa ndani ya muda mfupi na zikatokea familia zaidi ya 300,000 zenye ardhi yake.

Shida ikaja kwenye kugawa. Kijiji kina ardhi nzuri na ardhi mbovu, sasa nani apewe ya mferejini na nani apewe ya mawe? Wakaamua kila familia ipate kidogo ya kila aina, kidogo ya mizabibu, kidogo ya kumwagilia, kidogo ya kutegemea mvua, ukubwa unategemea idadi ya watu nyumbani, halafu kipande kipi ni cha nani mtu anachomoa kikaratasi chenye namba. Ndo maana vipande vimetawanyika. Ilikuwa bei ya kutenda haki, na mimi naona walifanya vizuri kuilipa.

Angalia wenzao. Urusi na Ukraine wafanyakazi wa kolkhozi walipewa hisa za ardhi kwenye karatasi, mtu ana cheti lakini hajui shamba lake linaanzia wapi, kwa hiyo wengi wakaishia kukodisha kwa makampuni makubwa. Ukraine hata kuuza ilikuwa marufuku kwa miaka mingi, soko la ardhi likafunguliwa Julai 2021. Muarmenia yeye alipewa udongo wenyewe.

Na udongo huo ukaokoa maisha yao. Tetemeko la Desemba 1988 lilishaua watu kama 25,000, mtambo wa nyuklia wa Metsamor ukazimwa 1989, vita na jirani yao Azerbaijan ya kugombea eneo la Karabakh ikawaka, Azerbaijan ikakata reli na gesi, na 1993 Uturuki nayo ikafunga mpaka. Viwanda vikasimama, mji mkuu Yerevan umeme ulikuwa saa moja mbili kwa siku na baridi ile ya kutisha, watu wanachoma samani wapate joto. Wengi wakarudi kwa ndugu zao kijijini. Wengine waling'oa mizabibu wakapanda ngano na viazi, si kwa sababu ni biashara nzuri, ni kwamba watoto lazima wale mkate. Wataalamu wanaosema vishamba vile havina tija wangefikiria kwanza majira ya baridi ya 1993.

Ila tija ni tatizo kweli, siwezi kuficha. Mifereji na pampu za Kisovieti zilijengwa kwa shamba la mamia ya hekta na umeme wa karibu bure, ukishagawa kwa familia 200 nani analipia pampu ikiharibika? Trekta moja wanagombania majirani. Aprikoti zinaiva zote kwa wiki chache, na soko kubwa ni Urusi, malori lazima yapite nchi jirani ya Georgia mpaka kituo cha mpakani cha Upper Lars kule milimani, ndipo yaingie Urusi, barabara ikifungwa huko matunda yanaozea njiani. Vijana wakaenda Urusi kutafuta vibarua na sehemu kubwa ya ardhi haijalimwa.

Utasema basi waunganishe vipande. Wanajaribu, lakini mkulima anayetaka kuunganisha vyake viwili anakuta katikati kuna kipande cha jirani anayeishi Moscow tangu zamani, halimi, hakodishi, na kuuza hataki kwa sababu ndicho alichoachiwa na babu yake.