Je, wajua kwa nini mkulima hununua mbegu ya mahindi kila mwaka, lakini ya viazi huitoa kwenye debe lake?

Pita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu wakati wa mavuno, simama Isyonje pale njia inapochepuka kwenda Kikondo na Makete. Utakuta viazi mviringo vimemwagwa chini na akina mama wamevizunguka, wanachambua. Vikubwa vinajaza lumbesa ya kwenda Dar es Salaam kwa wakaanga chipsi. Vilivyokatwa na jembe vinakwenda jikoni. Vile vidogo, vya ukubwa wa yai la kuku kushuka chini, vinatupiwa kwenye debe pembeni. Hiyo ndiyo mbegu ya msimu ujao.

Mkulima huyohuyo, Novemba ikikaribia, ataingia duka la pembejeo na kulipia mbegu chotara ya mahindi, pengine UH 6303 iliyozalishwa na watafiti wa hapohapo Uyole, bila kubishana sana. Mwambie sasa anunue mbegu ya viazi iliyokaguliwa na kuthibitishwa kuwa haina magonjwa. Atakusikiliza kwa adabu zote, atauliza bei, ataguna, kisha atarudi kwenye debe lake. Mabwana shamba wengi wamezoea kusema huyu hajaelimishwa vya kutosha. Mimi naona anapiga hesabu, na hesabu yenyewe si ya kupuuzwa.

Anza na uzito. Ekari moja ya mahindi inakula kilo 8 hadi 10 za mbegu, unazibeba kwenye kikapu na kurudi nazo kwa bodaboda. Ekari moja ya viazi inataka kilo 800 hadi 1,000, yaani magunia nane mpaka kumi, na usafiri wa kukodi juu yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilo ya mbegu safi inazidi ile ya kawaida kwa shilingi 1,000. Kwenye mahindi tofauti hiyo ni shilingi 10,000 kwa ekari. Kwenye viazi ni milioni moja, na inatakiwa taslimu kabla ya mvua, wakati mbolea nayo inadai na ada za Januari zinachungulia dirishani.

Jambo la pili ni maumbile ya mmea. Chotara ya mahindi ukiirudia mwaka wa pili, shamba linatoka na mimea ya kila kimo na mavuno yanashuka hapohapo, kwa hiyo mmea wenyewe unakurudisha dukani. Kiazi hakikubani hivyo. Kile tunachokiita mbegu ni kipande cha mama yake, nakala halisi. Ukipanda aina ya Sherekea utavuna Sherekea, mwaka huu na miaka kumi ijayo. Ndiyo maana kampuni za mbegu zinapenda mahindi kuliko viazi: mteja wa viazi ukimuuzia gunia moja zuri, huenda usimwone tena kwa misimu mitatu au minne.

Lakini nakala hiyo hairithi uzuri peke yake. Vidukari wanaofyonza majani huambukiza virusi mmea mmoja baada ya mwingine, na virusi hivyo hushuka mpaka kwenye kiazi kilicho ardhini. Msimu unaofuata mmea unaota ukiwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, majani yamejikunja, kimo kimedumaa. Hafi. Anazaa, ila anazaa vidogo. Na hapo ndipo lile debe la Isyonje linapomgeukia mwenyewe. Mmea wenye afya umetoa viazi vikubwa, vimekwenda Dar es Salaam. Mmea mgonjwa umetoa vidogo, vimebaki kuwa mbegu. Mwaka hadi mwaka mkulima anauza watoto wa mimea mizima na kupanda watoto wa mimea migonjwa, kisha analalamika kuwa ardhi imechoka. Ardhi inaweza kuwa imechoka kweli, lakini mara nyingi mbegu ndiyo iliyochakaa kwanza.

Huo ni uchakavu wa polepole. Kuna adui mwingine asiye na subira, mnyauko wa bakteria. Shina linasinyaa mchana wa jua hali udongo una unyevu, kesho yake jirani yake naye amelala, na hakuna dawa ya kupuliza itakayomwinua. Ukitaka kuuona kwa macho yako, fanya hivi. Kata kipande cha shina lililonyauka, karibu na ardhi. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha, ning'iniza kipande hicho mkato wake ukigusa maji, usikitikise. Ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye mkato kuelekea chini ya glasi. Hao ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Kama ni kiu tu iliyolaza mmea, maji yatabaki kama yalivyo. Nimeona watu wazima wakikaa kimya mbele ya glasi hiyo kuliko mbele ya semina yoyote.

Tatizo ni kwamba glasi inahitaji mmea ulionyauka, na kwenye baridi ya Umalila au ya Kitulo mmea unaweza kubeba bakteria hao bila kunyauka kabisa. Viazi vinavunwa vizuri, ngozi inang'aa, ukikata huoni kitu. Vikishushwa kupandwa sehemu yenye joto zaidi, shamba linaanguka. Muuzaji hakudanganya, naye alikuwa haoni.

Hapa ndipo lilipo fundo lenyewe. Mkulima huyuhuyu tunayemwita mbahili analipia dawa ya ukungu msimu mzima, tena mvua ikishika anabeba bomba mgongoni kila wiki. Analipa kwa sababu ukungu anauona kwenye jani na anaona unapokoma. Usafi wa mbegu hauonekani dukani, hauonekani kwenye gunia, na hata baada ya mavuno ni vigumu kujua kama shamba limependeza kwa sababu ya mbegu, mbolea au mvua iliyokuja kwa wakati. Anaombwa anunue mbuzi kwenye gunia, tena kwa bei ya ng'ombe.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza jambo hili mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutaja bei ya kati. Mwenye gari zima anaona anaonewa, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, na bei inashuka tena. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Weka gunia la mbegu mahali pa gari na umepata picha ya minada ya vijijini kwetu: mzalishaji aliyepumzisha shamba, aliyeng'oa kila mmea mgonjwa na kuuchoma, anapewa bei ileile ya aliyechota kwenye debe.

Lebo ya Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, ipo kwa ajili ya fundo hili. Mkaguzi anakwenda shambani mimea ikiwa bado imesimama, maana kwenye gunia kuna mengi asiyoweza kuyaona. Upo pia utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, ambao mkulima mdogo anasajiliwa, anakaguliwa, kisha anawauzia majirani zake. Huu naupenda zaidi, kwa sababu moja ya kibinadamu: muuzaji ni mtu ambaye shamba lake unalipita ukienda kanisani. Umeliona likiwa kijani. Likinyauka, utamkuta nyumbani.

Basi watafiti hujuaje mkulima yuko tayari kutoa kiasi gani? Kumuuliza tu hakutoshi. Mgeni amekuja na daftari, nani atamwambia kuwa mbegu yake haina thamani? Watu hutaja bei kubwa pale ambapo hawatakiwi kufungua pochi. Kuna mbinu iliyobuniwa mwaka 1964 na Becker, DeGroot na Marschak, nayo inafanana na bahati nasibu. Mkulima anataja bei ya juu kabisa ambayo angelipa kwa gunia. Halafu anaingiza mkono kwenye mfuko wenye vikaratasi vya bei mbalimbali na kuchomoa kimoja. Bei aliyochomoa ikiwa sawa na aliyotaja au chini yake, analipa ile ya kwenye karatasi na kuondoka na gunia. Ikiwa juu, hauziwi. Akitaja pungufu ya moyo wake anaweza kukosa gunia ambalo angelilipia kwa furaha, akitaja zaidi anaweza kulazimika kulipa bei itakayomuuma. Njia ya salama ni kusema kweli, na pesa inatoka palepale.

Ukiacha mifuko na vikaratasi, wako wakulima waliokwisha kupata jibu lao wenyewe. Hawanunui tani. Wananunua kilo 50 na kuzipanda peke yake kwenye kona ambayo kwa misimu kadhaa ilikuwa na mahindi au ngano, mbali na nyanya, kwa kuwa nyanya na viazi wanagawana bakteria yuleyule. Kona hiyo wanaichagua upande wa juu wa mteremko, maana maji yakitiririka kutoka shamba la jirani yanashuka na kila kilichomo. Kiazi kimoja kikizaa mara nane kwa uzito, kilo 50 zinakuwa 400, na msimu wa pili ni zaidi ya tani tatu. Ekari inapandwa na mbegu nyingine inabaki ya kuuza.

Na asiye na pesa hata ya kilo 50 anaweza kuanza na vijiti. Viazi vikianza kutoa maua, anapita shambani na kuchomeka kijiti kando ya kila shina lililonawiri ambalo majirani zake nao ni wazima. Wiki mbili baadaye anapita tena, anang'oa vijiti kwenye mashina yaliyombadilikia. Siku ya kuvuna, mashina yenye vijiti yanachimbwa kwanza, kila moja na lundo lake, na mbegu inatoka humo hata kama viazi vyake ni vikubwa vya kutamaniwa na dalali. Hilo la mwisho ndilo gumu. Dalali anakuwa amesimama pale na pesa mkononi, akivitazama.