Kumwona wakili na kumweka wakili

"Hili jambo bado halijafikia kuweka wakili." Kauli hii nimeisikia mno, na karibu kila mara inatoka kwa mtu ambaye muda wake unayoyoma. Anayeisema pengine ameshika samansi mkononi. Pengine ameachishwa kazi majuzi na anangoja hasira za bosi zipoe. Au kesho anakwenda kutia saini mkataba wa kiwanja na leo jioni ndiyo kwanza anausoma. Anaposema halijafikia, anamaanisha hataki gharama wala ugomvi, na ana haki. Tatizo ni kwamba kwa kauli hiyo moja amekataa vitu viwili, ilhali alichokusudia kukikataa ni kimoja tu.

Kumweka wakili ni kumpa mamlaka ya kutenda kwa niaba yako: anaandikia upande wa pili, anawasilisha nyaraka, anasimama mahakamani, na kwa mengi anayoyasema umefungwa kana kwamba umeyasema wewe. Kumwona wakili ni kutafuta ushauri. Unamweleza kisa, anasoma karatasi zako, anakuambia umesimama wapi kisheria na njia zilizopo ni zipi, kisha unaondoka na uamuzi ukiwa bado ni wako.

Kwamba hivi ni vitu viwili, sheria zenyewe zinaonyesha. Katika jimbo la California, Marekani, mahakama ya madai madogo kwa kawaida haimruhusu wakili kusimama badala ya mtu wakati shauri linasikilizwa. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu wakili kumshauri yeyote kati ya wahusika, kabla na baada ya shauri kufunguliwa. Yaani mahakama imefunga uwakilishi na kuacha ushauri wazi. Wabunge wa kule walielewa kwamba mtu anaweza kujisemea vizuri kabisa iwapo kuna aliyemwambia mapema nini cha kusema na karatasi gani ya kubeba.

Hata siri haingoji umweke wakili. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, zikiwemo Kenya na Tanzania, maelezo unayompa wakili ulipomwendea kutaka ushauri wa kitaalamu yanalindwa. Asipochukua kesi yako, hana ruhusa ya kuyamwaga. Kinga hiyo haimfuniki anayekwenda kupanga kosa, lakini mtu mwenye shida ya kawaida anaweza kusema ukweli wote, pamoja na ule unaomuumiza. Wengi huficha hapo, wakashauriwa kuhusu kisa ambacho si chao.

Wakati wa kumwona, kwa maoni yangu, ni kabla ya mambo mawili: kabla hujaandika jambo litakalokufunga, na kabla muda haujakupita.

Chukua udhamini wa mkopo. Rafiki anakuomba umdhamini, anakuambia ni saini tu, benki wanataka jina. Fomu ina kurasa kadhaa, na mahali fulani katikati kuna maneno kama "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo yana maana kwamba anayedai anaweza kukufuata wewe kwa deni zima, wala halazimiki kumaliza kwanza na rafiki yako. Chini yake mara nyingi kuna kifungu kinachosema udhamini utaendelea hata masharti ya mkopo yakibadilishwa. Wakili anaweza kukuonyesha vifungu hivyo kwa muda mfupi. Baada ya saini, akiwekwa wakili huyohuyo, kazi yake itakuwa kutafuta kasoro katika karatasi uliyoikubali mwenyewe, nayo ni kazi ngumu yenye gharama.

Au chukua deni la zamani. Sheria za ukomo wa muda za Kenya na Tanzania zinatoa miaka 6 kufungua madai ya mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara kama vile kuumizwa kwa uzembe wa mtu, na miaka 12 kudai ardhi. Deni limekaa karibu miaka 6, mdai anapiga simu, na mdaiwa kwa uungwana anaandika: "Nakiri nadaiwa, nivumilie kidogo." Akiyatia saini maneno hayo kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Sisemi mtu akwepe deni la halali. Nasema ajue anachokiandika. Na aliye upande wa mdai naye ajue, kwa sababu barua hiyohiyo ndiyo inayomwokoa.

Muda mwingine ni mfupi kiasi cha kutisha. Tanzania, kwa kanuni za usuluhishi wa migogoro ya kazi za mwaka 2007, anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na ukipewa hati ya madai katika kesi ya kawaida ya madai nchini humo, una siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ukikaa kimya, mahakama inaweza kuendelea upande mmoja, yaani kuamua bila kukusikiliza wewe, na kuitengua hukumu ya namna hiyo kunataka sababu nzito. "Sikujua" haimo kati ya sababu hizo.

Yapo kweli mambo yasiyohitaji uwakilishi. Unamdai mtu kiasi kidogo na una maandishi yake: andika barua ya madai, weka tarehe, tunza nakala, kisha nenda mahakama inayofaa mwenyewe. Kenya ilitunga sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016 kwa ajili hiyo hasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mtu wa kawaida anaweza kuimudu.

Jinai ni habari nyingine, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Ukikamatwa, ushauri na uwakilishi vinakuja pamoja na hakuna nafasi ya kupimapima. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Omba wakili kabla ya kutoa maelezo. Maelezo ya usiku wa kwanza kituoni ndiyo mara nyingi yanayosomwa mahakamani miezi mingi baadaye, na asiye na hatia huongea zaidi ya wote kwa sababu anaamini kuongea kutamtoa.

Kati ya kumwona na kumweka kuna eneo pana ambalo wengi hawalijui. Wakili anaweza kupewa kazi ya kipande: akague mkataba huu tu, aandike barua hii moja, au apitie utetezi uliouandika mwenyewe. Ada mnakubaliana kabla, kwa maandishi, pamoja na kazi itakapoishia. Asiye na uwezo aulize kuhusu msaada wa kisheria, ambao Kenya imeutungia sheria mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaoweza kukuelekeza pa kuanzia, ingawa hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili. Popote uendako beba mkataba, risiti, ujumbe wa simu ambao hujaufuta, na tarehe za matukio kwa mpangilio. Tarehe kwanza, kwa sababu ndizo wakili atakazouliza kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo ndugu yako akikuambia jambo lake halijafikia kuweka wakili, usimbishie. Huenda yuko sahihi, na kesi isifike mahakamani kabisa. Muulize tu karatasi aliyonayo ina tarehe gani, na kama yuko mtu mwenye leseni ya uwakili aliyekwisha kuisoma.