Kuvu inayowinda minyoo kwenye kinyesi cha mbuzi

Mfugaji akisikia kuna kuvu inayoua minyoo, huniuliza: mbuzi wangu atapona lini? Kwa kuvu hii, hatapona. Duddingtonia flagrans haigusi minyoo iliyo tumboni. Kazi yake huanza kinyesi kikishaanguka.

Chukua Haemonchus contortus, mnyoo anayenyonya damu kwenye tumbo la nne la mbuzi. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na penye joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi mabuu hupanda kwenye majani kungoja kuliwa. Albendazoli, dawa ya minyoo unayomnywesha mnyama, haiwafuati huko, na siku hizi hata tumboni minyoo mingi imeshaizoea, kama ilivyoizoea dawa nyingine, ivermektini.

Kuvu hufika huko kwa spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Zina ganda nene, hivyo mnyama akizila na pumba, sehemu yake hupita tumboni zikiwa hai. Kwenye kinyesi huota nyuzi, na mabuu wakiwa karibu nyuzi hizo hujikunja kuwa wavu wa vitanzi vyenye gundi. Buu akigusa, amenasa. Kadiri anavyojinyonganyonga ndivyo anavyogusa vitanzi vingine. Kisha uzi humtoboa ngozi, humjaa mwilini na kumla kwa ndani. Chini ya darubini unaweza hata kumhurumia, mpaka ukumbuke kope za mbuzi zilivyopauka kwa kukosa damu.

Uwindaji wenyewe si habari mpya. Wilhelm Zopf aliueleza mwaka 1888 kwa kuvu ya jamaa hiyo, Arthrobotrys oligospora. Miaka ya 1990 watafiti wa Denmark waliifanyia kazi sana Duddingtonia, na Australia ilisajili bidhaa yake mwaka 2018.

Tatizo ni kwamba spora hazikai tumboni. Zinalishwa kila siku, msimu mzima ambao mabuu hustawi. Ukiruka siku, kinyesi cha siku hiyo hakina mlinzi. Anayefuga mbuzi wa maziwa, akawapa pumba jioni kisha akawaachia kwenye malisho yake mwenyewe, anaweza kufaidi. Mnyama ambaye tayari amevimba chini ya taya kwa sababu ya minyoo apewe kwanza dawa ambayo bado inafanya kazi. Na anayechungia malisho ya kijiji, ambako mbuzi wa majirani huacha mayai mapya kila siku, ningemshauri asinunue.