Kuongeza nguvu ya mtambo hakuzibi pengo la mnara

Malalamiko ya redio za FM za wilayani yanazidi kutufikia: upande mmoja wa mnara matangazo yanasikika vizuri, upande wa pili yanakatika mapema. Kisha linafuata ombi lile lile, kuongeza nguvu ya mtambo wa kurushia matangazo. Tumeshalijibu mara nyingi. Nguvu maradufu ni nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Pengo la desibeli 10 linadai nguvu mara kumi, na nguvu hiyo itavuruga vituo jirani vilivyo upande usio na tatizo.

Mara nyingi chanzo ni mnara wenyewe. Kwenye megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, hivyo chuma kilicho mita moja kutoka kwenye antena hupata mkondo na kurusha mawimbi yake, yanayoweza kudhoofisha matangazo upande mmoja. Mchoro wa mtengenezaji ulioonesha antena ikiwa peke yake hewani hautusaidii.

Leteni modeli ya kompyuta yenye antena pamoja na mnara. Programu ya NEC-2, iliyotolewa na maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani mwaka 1981, inapatikana bure. Hukata chuma chote vipande vifupi, hukokotoa mkondo wa kila kipande, kisha hujumlisha uga wa sumakuumeme. Kipande kisizidi sehemu ya kumi ya wimbi, yaani sentimita 30 hapa. Ambatisheni faili lenyewe, si picha ya skrini, maana tunaliendesha upya. Nguvu inayoingia isipolingana na inayotoka katika modeli isiyo na upotevu, ombi linarudi. Andikeni pia urefu wa antena kutoka ardhini, upotevu wa kebo, na mwelekeo kwa digrii kutoka kaskazini ya kweli.

Kubadili antena bila kibali ni kukiuka leseni, hata kama mtambo ni ule ule. Kurusha bila leseni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya 2010.

Wakazi wanaohofia mionzi nao wasome namba. Kituo cha kilowati 2 za nguvu inayorushwa huleta takriban wati 0.1 kwa mita ya mraba, mita 50 kutoka kwenye antena. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa umma ni wati 2 kwa mita ya mraba. Kikomo hicho hufikiwa kama mita 11 kutoka kwenye antena. Anayefika huko ni fundi apandaye mnara, na kwa ajili yake mtambo uzimwe kabla hajaanza kupanda.