Mdoli wa sentimita 14 na kutu ya Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina Uhuru. Kwa kazi yake wanasayansi waliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Jukwaa lenyewe ni San Marco, lililokuwa mali ya mradi wa Waitalia. Lilirusha setilaiti yake ya kwanza Aprili 1967 na ya mwisho Machi 1988.

Mimi hutengeneza midoli ya hadithi za kisayansi pamoja na mandhari yake, yaani diorama, na meza yangu sasa imetekwa na swali moja: jukwaa lile lingekuwaje mwaka 2140 kama lisingeacha kurusha roketi? Jibu langu ni kona moja tu ya sitaha, na juu yake fundi mmoja, Mwanakombo, ambaye mkono wake wa kushoto ni wa mashine. Naandika namna ninavyomjenga kwa sababu wengi wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza rangi gani wanunue, ilhali rangi ni jambo la mwisho kabisa.

La kwanza ni skeli. Natumia 1:12, maana yake sentimita moja mezani ni sentimita 12 za kweli. Mwanakombo nimempa kimo cha mita 1.68, basi anasimama sentimita 14. Hesabu hiyo inatawala kila kitu, hata vitu ambavyo havijapata kuwepo. Mtazamaji hajui mkono wa mashine wa mwaka 2140 unafananaje, hivyo hana la kubisha. Lakini unene wa chuma cha kushikia ngazini anaujua, ameushika maisha yake yote. Chuma cha kweli kina kipenyo cha sentimita 4 hivi. Kwenye diorama kinatakiwa kiwe milimita 3 na ushei. Ukiweka kijiti cha milimita 6, mtazamaji haoni tena fundi na jukwaa. Anaona mdoli na kijiti.

Watengenezaji wakubwa nao walilazimika kupiga hesabu hii. Kampuni ya Hasbro ilipoanza kuuza mdoli wa askari, G.I. Joe, mwaka 1964, ilimpa kimo cha sentimita 30 hivi, karibu na 1:6. Ukubwa huo unafaa sana kwa kushona nguo, lakini chombo cha anga cha kumtosha mdoli kama huo kingejaza chumba. Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ilipotoa midoli ya filamu ya Star Wars ilichagua sentimita 9.5 hivi, karibu na 1:18, na hapo rubani akaweza kuketi ndani ya chombo chake na mtoto akaweza kukibeba chombo kwa mkono mmoja. 1:12 iko katikati: uso una nafasi ya kuchorwa vizuri, na mandhari bado yanaweza kuwekwa juu ya meza. Kuwekwa yote, hata hivyo, hayawezekani. Scout ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20, yaani zaidi ya mita 1.6 kwa skeli yangu. Ndiyo maana nimejenga kona, na roketi inaonekana kitako chake tu, nyuma ya reli za mnara.

Mwili wa Mwanakombo umetoka kwenye midoli ya mtumba, ile inayouzwa kwa fungu ikiwa imekosa kichwa au mguu. Natafuta viungo vizuri: magoti yanayokunjika mara mbili, viwiko visivyolegea, shingo yenye gololi. Sura haina maana katika hatua hii. Ili kuchomoa kichwa, nautia mdoli katika maji moto kwa dakika moja hivi. Plastiki inalainika na kichwa kinatoka bila kulazimisha. Usiwahi kuzungusha kiungo kikiwa baridi, pini yake ya ndani huvunjika ghafla na kuitengeneza ni kazi kubwa kuliko kununua mdoli mwingine.

Kichwa kipya mara nyingi kina tundu kubwa kuliko gololi ya shingo. Dawa yake ni puti ya epoksi, ile ya vipande viwili vinavyokandwa pamoja kwa kiasi sawa. Paka gololi mafuta ya mgando, shindilia puti ndani ya tundu, sukuma kichwa mahali pake, kisha kichomoe puti ikiwa imeshika umbo lakini haijawa ngumu. Kesho yake kichwa kinageuka kwa ukinzani mzuri. Kwa puti hiyohiyo nimemfinyangia nywele zilizosukwa na kola ya vazi la kazi. Una saa mbili hivi za kuifinyanga. Lowesha kidole na kifaa kwa maji isije ikanata. Ukipiga msasa, vaa barakoa yenye vichujio. Vumbi la epoksi na la rezini halifai kabisa kuingia mapafuni, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Mkono wa mashine umejengwa kwa takataka, na hapa nafuata desturi ninayoiheshimu. Mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni ya ujanja wa picha za filamu iliyoanzishwa California mwaka 1975, walifunika maumbo ya vyombo vyao vya anga kwa vipande vya modeli za plastiki za vifaru na ndege, vya aina ile inayouzwa madukani. Kipande kilichokuwa kifuniko cha injini ya kifaru kikageuka kuwa sehemu ya chombo cha nyota. Jicho linahisi kwamba kila kipande kina kazi, kwa sababu kweli kilibuniwa na mhandisi fulani kwa kazi fulani. Mimi natumia springi za kalamu, vifuniko vya sindano, meno ya saa mbovu na saketi za simu zilizokufa. Kabla ya kugundisha najiuliza kila kipande kinafanya nini: huu ni mrija wa mafuta, unatoka wapi na unaingia wapi? Mrija unaoishia hewani hugunduliwa hata na mtoto.

Kiunoni Mwanakombo amejifunga leso, na leso hiyo imenifundisha juu ya kitambaa kuliko kitu kingine chochote. Leso ya kweli ni kama mita 1.5 kwa 1.1, basi yake ni sentimita 12.5 kwa 9. Tatizo ni unene. Pamba ya kawaida haipungui kwa kuwa tumeikata ndogo. Ikikunjwa kwa skeli hii inakaa kama godoro. Natumia hariri nyepesi ya bitana. Naibandika juu ya karatasi kwa gundi kwenye kingo na kuipitisha kwenye printa ya wino, nikiwa nimechora pindo, mji na jina kwenye kompyuta. Herufi za jina, ambazo kwenye leso halisi zina kimo cha sentimita 4 hivi, zinakuwa milimita 3, na SUBIRA UFUNGUO WA FARAJA inasomeka vizuri. Kisha naloweka kitambaa katika gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, namfunga, na kwa ncha ya sindano naishusha mikunjo ifuate uzito. Nguo halisi huvutwa chini na uzito wake. Ndogo hubaki imetutumka mpaka uilazimishe.

Sasa rangi. Osha mdoli kwa sabuni ya vyombo kwanza, kuondoa mafuta ya kiwandani. Kwenye plastiki laini tumia rangi za akriliki za maji. Rangi nyingi za kopo zenye thina hukorofishana na vilainishi vilivyo ndani ya plastiki hiyo, na mdoli hubaki ukinata kwa miezi. Mahali viungo vinaposuguana, punguza plastiki kidogo kwa msasa kabla ya kupaka, maana hata rangi ina unene, na goti likikunjwa mara ya kwanza ndilo litakaloidhihirisha. Paka tabaka jembamba, subiri, paka jingine.

Nikifika kwenye uchakavu napunguza mwendo, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Watu hupaka kutu kila mahali kwa wingi ule ule. Kutu ina sababu zake, na anayeishi pwani ana shule ya bure: nenda Likoni, Mombasa, utazame milango ya feri. Utaona kutu mpya ya rangi ya chungwa kwenye michubuko, na ya zamani, kahawia iliyokaribia weusi, katikati ya gamba. Utaona michirizi ikishuka kutoka kwenye kila bolti. Utaona pia jambo lisilotarajiwa: chini ya mihimili, mahali mvua haifiki, chuma huliwa zaidi, kwa kuwa chumvi inajikusanya pale na haioshwi. Kwenye miguu ya jukwaa la baharini, sehemu inayoumia kuliko zote ni ile inayorushiwa mawimbi, inayopata chumvi na hewa kwa pamoja. Iliyozama daima huliwa polepole zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa brashi nimechora mshale chini ya kibao cha diorama: kusi inatoka huku. Upepo huo hupiga pwani yetu tangu Aprili hivi hadi Septemba na kuleta mrusho wa mawimbi. Upande unaotazama kusi umepauka na kuchubuka; upande wa pili una rangi nzima zaidi, ila kutu imejificha kwenye pembe. Hakuna mtazamaji atakayeuona mshale, lakini kwa sababu hiyo uchakavu wote unazungumza lugha moja.

Namna ya kuchubua ni hii. Paka kahawia nzito, acha ikauke, puliza dawa ya kushikilia nywele, halafu paka rangi ya juu, kwangu nyeupe iliyochanganywa na kijivu kidogo. Baada ya nusu saa hivi lowesha kwa brashi yenye maji na sugua taratibu. Dawa ya nywele inayeyuka na rangi ya juu inabanduka yenyewe, bila mpangilio, kama inavyobanduka kweli. Chunga skeli hata hapa: mchubuko wa milimita 5 ni ganda la sentimita 6. Unga wa kutu nautengeneza mwenyewe: stilwaya ya masufuria, ile inayoshika kutu ukiiacha kwenye sinki, ikilowekwa katika siki na chumvi kisha ikaachwa hewani, hugeuka kutu halisi. Ikauke, uisage, uisambaze kwa brashi kavu.

Si kila chuma hupata kutu nyekundu, na hili ningependa lizingatiwe zaidi. Alumini hutoa unga mweupe. Titani haibadiliki na hewa ya bahari. Mkono wa Mwanakombo nimeamua ni wa titani, basi hauna hata doa la chungwa. Una mikwaruzo, grisi nyeusi kwenye viungo, na mng'ao mahali anapoushikia kwa mkono wa kulia. Ukaribu wa mkono safi na reli iliyoliwa unaeleza umri wa jukwaa vizuri kuliko bango lolote.

Nyuma yake, kwa mbali, inaonekana Santa Rita, jukwaa la pili, lililokuwa la kuongozea urushaji. Hilo nimelijenga kwa 1:144. Jicho likiwa sentimita 60 kutoka kwa mdoli na sentimita 90 kutoka kwa Santa Rita, hesabu inasema Mwanakombo yuko mita 7.2 mbele yako na jukwaa lile liko karibu mita 130. Ujanja huu unafanya kazi kwa masharti mawili. Mstari wa upeo wa macho lazima upite kwenye usawa wa macho ya Mwanakombo, kiasi cha sentimita 13 juu ya sitaha, na mtazamaji ainame mpaka usawa huo. Pia rangi za mbali zipauke na kuelekea buluu, bila nyeusi kabisa. Nyeusi moja tu kwenye Santa Rita huivuta mbele ikawa kichezeo.

Taa ni za LED za milimita 3, ambazo kwa skeli yangu ni balbu za sentimita 3.6. Kwa betri ya volti 9 na taa nyeupe inayokula volti 3 na miliampea 20, rezista inatakiwa iwe omu 300. Dukani chukua ya 330.

Kilichobaki ni ngazi ya kushukia kwenye mguu wa jukwaa. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua upande huu wa pwani inaweza kupita mita 3, yaani sentimita 25 za mguu zinazopaswa kuonyesha mpaka wa chaza, ukoga wa kijani, kisha kutu. Picha nilizozipata za miaka ya kurusha roketi zimepigwa kutoka mbali mno kuonyesha umbali kati ya kipandio kimoja na kingine cha ngazi. Kama mzee wako alifanya kazi Ngomeni wakati ule, muulize mashua ilifungwa wapi maji yakitoka, na mguu wake ulikanyaga vipandio vingapi kabla ya kufika sitahani. Nitaijenga kwa kipimo atakachokisema.